Kununua na Kuuza Nyundo ya Mashine Iliyotumika

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya mafundi chuma vya Temeke na Kinondoni)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo vyama vitatu vimeniletea mezani kwa barua, kimoja cha Mbagala, kimoja cha Tandika na kimoja cha Tegeta. Vyote vinauliza maswali mawili yale yale. Je, chama chaweza kununua nyundo ya mashine iliyokwisha tumika? Na je, mkaguzi ataukubali ununuzi huo vitabuni? Jawabu la swali la pili ni fupi. Ikiwa mkutano mkuu umeafiki, fedha zipo, na chama hakijavuka ukomo wa madeni uliopitishwa na wanachama na kuidhinishwa na Mrajis kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, mkaguzi hana kipingamizi. Swali la kwanza ndilo refu, nami sina budi kulianza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua vitabu vya chama kimoja cha wahunzi na wachomeleaji pembezoni mwa Temeke. Sitakitaja jina, wala sitamtaja aliyewauzia. Chama kilikuwa kimenunua nyundo ya hewa yenye kichwa cha kilo 75 kutoka karakana moja iliyokuwa ikifungwa. Hati ya malipo ilikuwapo. Stakabadhi ilikuwapo. Muhtasari wa kikao ulikuwapo, nao umetiwa sahihi na Mwenyekiti na Katibu. Daftari la mali liliandikwa: “Nyundo ya mashine, moja, kamili.” Nikatia alama ya vema kwa kalamu nyekundu, nikafungua ukurasa uliofuata. Mashine yenyewe ilikuwa uani chini ya turubai, hatua zisizozidi thelathini kutoka kwenye meza niliyoketi. Sikuinuka.

Laiti ningeinuka, hata mimi nisiye fundi ningeliona kwamba mashine ile haikuwa na fuawe.

Kwa ajili ya wanachama ambao hawajapata kuiona mashine ya namna hii, nieleze kidogo. Kazi yake ni ile ile ya kijana anayepiga nyundo kubwa huku mhunzi ameshika chuma chekundu kwa koleo, isipokuwa yenyewe haichoki, nayo hupiga mara nyingi kwa dakika. Zile za hewa za kadiri ya karakana zetu hupiga zaidi ya mara mia mbili. Ziko za springi, ambazo mota huzungusha gurudumu na gurudumu huinua na kushusha kichwa kwa mkono wenye springi. Ziko za hewa zenye silinda mbili ndani ya mwili wake, moja ya kusukuma hewa na nyingine ya kukibeba kichwa. Ziko pia zinazotegemea kompresa iliyo kando. Katika nyundo ndogo, mwili na fuawe huwa kitu kimoja au hukaa juu ya bamba moja. Katika nyundo kubwa, fuawe ni gogo la chuma linalojitenga, limeteremshwa ndani ya shimo, na sehemu yake iliyo kubwa imo chini ya sakafu. Anayeiangalia akiwa amesimama huona kipande kidogo tu kilichochomoza, akadhani ni kitako cha mashine.

Ndivyo ilivyotokea. Waliopelekwa kuing’oa nyundo ile walifungua bolti za mwili, wakauinua kwa kreni, wakaupakia kwenye lori na kuondoka wakiimba. Fuawe ikabaki ardhini. Ilipita miezi kabla ya mzee mmoja wa chama, aliyepata kufanya kazi katika karakana ya reli, kurudi kutoka safari na kuuliza, “Na gogo lake liko wapi?” Waliporudi kwa muuzaji, sakafu ilikuwa imekwisha vunjwa na chuma chote kimekwenda na wanunuzi wa chuma chakavu. Muuzaji alisema aliuza kilichoonekana, na hati ya mauzo haikutaja fuawe. Ilisema “nyundo.”

Sasa sikilizeni kwa nini jambo hili si dogo. Nguvu ya pigo haitoki kwenye kichwa peke yake. Kichwa kinashuka, chuma cha moto kiko katikati, na fuawe ndiyo inayokataa kusogea. Ikiwa nyepesi, husogea pamoja na pigo, na nguvu mliyoilipia umeme huishia kwenye udongo na kwenye kuta za jirani. Wajuzi wa kazi hii husema fuawe iwe na uzito usiopungua mara kumi ya kichwa, na wengine hutaka mara kumi na tano. Kwa kichwa cha kilo 75, basi, fuawe iliyoachwa ilipasa kuwa na kilo 750 au zaidi. Kwa uzito, wenzetu waliacha nyuma sehemu kubwa ya mali waliyoinunua.

Wakajaribu kuziba pengo. Waliokota mabamba, wakayapanga moja juu ya jingine, wakayachomelea pembeni. Mabamba yaliyopangwa hivyo ni kama magodoro yaliyorundikwa: kila tabaka hunywa sehemu ya pigo. Nyundo ilipiga kwa kelele nyingi, na chuma hakikunyooka. Katika wiki ya tatu mchomeleo ukapasuka, kipande kikaruka na kumchoma mkononi mwanachama kijana aliyekuwa ameshika koleo. Jeraha lilipona, lakini kidole chake cha kati hakikunji hadi leo. Wanachama kumi na mmoja wakaomba kurudishiwa hisa zao. Mimi nilikuwa nimetia alama ya vema.

Tangu siku hiyo, ndugu makatibu, nikikuta mashine katika daftari la mali naomba kwanza nipelekwe nikaione. Nawasihi nanyi mfanye hivyo kabla ya fedha kutoka, wala si baada yake. Ununuzi wa chombo hiki haufanywi kwa simu, wala kwa picha, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Kazi ya kufua chuma si ngeni katika nchi hii. Wazee wa ukoo wa Washana kule Upare walisifika kwa uhunzi kabla ya mkoloni yeyote kufika. Nasi wa Dar es Salaam tulikuwa na kiwanda cha zana za kilimo, UFI, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, enzi ambayo Ubungo ilikuwa bado sehemu ya Kinondoni. Katika miaka ya 1990, mashirika mengi ya umma yalipobinafsishwa, mitambo mingi nchini ilibadili mikono, na mingine ikaishia kwenye tanuri la chuma chakavu. Kwa hiyo mashine kuukuu zipo, pamoja na zinazoletwa na meli, na wako wanaozitafuta. Swali langu la kwanza kwa chama huwa ni hili: mtafua nini?

Msiudhike na swali hilo. Mskoti James Nasmyth, aliyechora nyundo ya mvuke mwaka 1839 na kupata hataza yake mwaka 1842, aliichora kwa ajili ya mhimili mkubwa wa magurudumu ya meli iitwayo Great Britain. Kisha wenye meli wakabadili nia, wakaweka rafadha badala ya magurudumu, na mhimili ule haukuhitajika tena. Nasmyth alibahatika, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa na kazi nyingine kwa nyundo yake. Chama cha watu ishirini cha Buza hakina dunia nzima.

Nimepita katika karakana zenu. Nyingi hutengeneza mageti, grili za madirisha, vitanda na mikokoteni. Hiyo ni kazi ya kukata, kukunja na kuchomelea, nayo haitaki nyundo ya mashine. Chama cha namna hiyo kikinunua nyundo kitakuwa kimenunua pambo. Anayeihitaji ni yule anayekunjua springi za magari kuwa mashoka na visu, anayetengeneza tindo na mitaimbo ya mafundi wa ujenzi, anayefua upya ncha za sururu na plau zilizolika. Hata huyo apige hesabu kwa uangalifu. Panga jipya kutoka ng’ambo linauzwa Kariakoo kwa bei ambayo mhunzi wetu hataishusha hata akipewa nyundo bure. Bali tindo ya kipimo maalumu anayoitaka fundi leo jioni hailetwi na meli.

Mkisha kujua mtafua nini, mtajua uzito mnaoutaka. Nyundo nyingi za China za aina ya hewa huandikwa C41, kisha nambari, na nambari hiyo ni uzito kwa kilo wa sehemu zinazoanguka. C41-25 ni kilo 25, C41-75 ni kilo 75. Zile kuukuu za Kiingereza, kama za Massey wa Manchester, huandikwa kwa handredweti, na handredweti moja ni karibu kilo 51. Za Marekani, kama Little Giant, huandikwa kwa ratili. Ile ya ratili 50 haifiki kilo 23. Nimemwona katibu mmoja aliyedhani 50 ya ratili na 50 ya kilo ni mamoja, akapanga bei kwa kufuata dhana hiyo. Kwa tindo na visu, kilo 25 hadi 40 zinatosha kabisa. Kilo 75 ni kubwa, inataka kazi nene na msingi mnene.

Hapo nafika kwenye umeme. Nyundo ya kilo 75 huendeshwa kwa mota ya kadiri ya kilowati 7.5, nayo hutaka umeme wa njia tatu, volti 400. Nyumba nyingi tunazokodi kwa karakana huko Mbagala, Yombo na Kimara zina njia moja tu. Andikeni TANESCO kwanza, mpate jibu la maandishi kuhusu njia tatu na gharama yake kutoka nguzo iliyo karibu, ndipo mzungumze na muuzaji. Kama mashine imetoka Marekani, tazameni kibao cha mota. Umeme wa kule ni wa mizunguko 60 kwa sekunde, wetu ni 50, na mota yao ikizunguka kwa umeme wetu huenda polepole kwa sehemu moja ya sita, mbali na tofauti ya volti ambayo yaweza kuiunguza kabisa. Mara nyingi itabidi mnunue mota nyingine. Gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu kabla ya kupatana bei.

Msingi nao una mambo yake. Ardhi ya pwani yetu mahali pengi ni mchanga, na mabondeni maji hayako mbali. Shimo la fuawe likichimbwa bila kufikiriwa, masika yakija linageuka kisima. Zege liwe zito, likae kwenye udongo ulioshindiliwa, lijitenge na sakafu na kuta za jengo kwa nafasi ndogo, na chini ya fuawe ziwekwe mbao ngumu ili kupunguza mtikiso. Na jirani aulizwe mapema. Palipo na kitanda cha mgonjwa au darasa upande wa pili wa ukuta, mahali hapo hapafai, hata kama kodi yake ni nafuu.

Sasa tuseme mmefika kwa muuzaji. Nendeni watu wasiopungua watatu: mjumbe wa Bodi, katibu, na fundi wa mashine asiye na maslahi na muuzaji. Kama chama hakina fundi wa namna hiyo, ulizeni SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, au walimu wa ufundi wa VETA pale Chang’ombe. Malipo ya fundi kwa siku moja ni madogo mno mkiyalinganisha na hasara niliyoisimulia.

Msiridhike na mashine inayozunguka tupu. Chukueni makaa yenu, kalibu ndogo na vipande vya chuma vya kipimo mnachotumia, mfue pale pale. Muuzaji akiwaonyesha nguvu kwa kugonga uso wa juu na wa chini bila chuma cha moto katikati, mwambieni aache; pigo kavu la namna hiyo ndilo linalopasua nyuso na kukata mikono ya mashine, na anayefanya hivyo mbele yenu amefanya hivyo mara nyingi mkiwa hampo. Nyundo ya hewa iliyo nzima humtii mwenye kanyagio: hupiga pigo zito, kisha pigo jepesi la kunyoosha, na nyingi huweza kukishikilia kichwa juu bila kupiga. Ikiwa inapiga kwa nguvu moja tu, au kichwa kinashuka chenyewe, silinda au vali zimelika. Fueni kipande kirefu, kisha mkiweke juu ya bamba lililonyooka. Kikiwa kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, nyuso hazilingani au kichwa kinacheza ndani ya njia yake.

Baada ya hapo izimwe, umeme ukatwe, kichwa kiegemezwe kwa gogo, ndipo mkono uingie. Futeni grisi yote, kwa sababu rangi mpya na grisi nyingi ni nguo za kuficha kilema. Tazameni pembe za mfereji ambamo uso umekazwa kwa kabari. Hapo ndipo nyufa huanza. Tazameni shingo ya mwili. Mwili mwingi wa nyundo hizi ni chuma cha kumiminwa, na ufa uliochomelewa katika chuma hicho si wa kuaminiwa chini ya mapigo. Ulizeni oili. Nyundo ya hewa hula oili kila siku ya kazi, na mwenye nyundo asiyeweza kuwaambia aliweka oili gani na kiasi gani ameiua silinda bila kujua. Na mwisho ulizeni fuawe, mwioneshwe yote, hata kama itabidi sakafu ichimbwe kwa gharama yenu.

Juu ya umiliki sitachelewa, ila ni lazima kusema. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, haimpi mnunuzi haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo muuzaji, isipokuwa katika hali chache. Asiye mwenye mali akiwauzia, mali yaweza kuchukuliwa na mwenyewe. Kama muuzaji ni kampuni, daftari la rehani za kampuni liko BRELA, na katibu aweza kuomba kulitazama. Mashine iliyowekwa dhamana benki haiuzwi kimya kimya. Nambari iliyopigwa muhuri kwenye mwili iandikwe katika hati ya mauzo, na kila sehemu itajwe kwa jina lake: mwili, kichwa, fuawe, nyuso mbili, mota, swichi, kanyagio, kabari na vipuri. Neno “kamili” nimekwisha kueleza limenifanyia nini.

Kuhusu gharama, tuchukue mfano, nao ni mfano tu, si bei ya soko. Muuzaji anataka shilingi milioni 9. Kreni na lori milioni 1 na laki 2. Msingi na mbao zake milioni 1 na nusu. Kuleta njia tatu na kufunga swichi milioni 2. Fundi wa kukagua laki 2. Bushi, mikanda na oili ya kuanzia laki 8. Jumla ni milioni 14 na laki 7. Kwa wanachama 20, kila mmoja amebeba shilingi 735,000, si zile 450,000 alizoambiwa mkutanoni. Tofauti hiyo ndiyo inayovunja vyama. Mwanachama akielezwa bei yote tangu mwanzo huweza kukataa, na kukataa kwake ni haki. Akifichwa hugundua akiwa amekwisha uza cherehani ya mkewe. Jambo hilo la cherehani nimelishuhudia.

Mashine ikifungwa, kuna vitu ambavyo Bodi haiwezi kumwachia fundi aamue. Miwani na viziba masikio vinunuliwe pamoja na nyundo. Kanyagio kiwe na kinga juu yake ili kitu kikianguka kisiiamshe mashine. Mahali pa kazi pasajiliwe OSHA kama Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 inavyotaka. Na mtoto wa fundi asicheze karibu, hata siku ya Jumapili.

Nimalizie upande wa kuuza, kwa maana vyama vyetu huuza pia, na hapo nimeona udhaifu wa namna nyingine. Mnunuzi akija na fedha mkononi, Bodi huuza kwa haraka na kuutaarifu mkutano baadaye. Hilo ni kosa. Mali ya kudumu ya chama ni ya wanachama; mkutano uamue, bei ithaminiwe na mtu wa nje, tangazo libandikwe, na mjumbe wa Bodi anayetaka kununua atoke nje wakati jambo lake linajadiliwa. Wekeni daftari la mashine tangu siku ya kwanza: saa za kazi, oili, sehemu iliyobadilishwa na tarehe. Nyundo yenye daftari huuzwa kwa bei nzuri kuliko nyundo yenye rangi mpya. Wala msifiche kilema. Fedha za udanganyifu zikiingia katika vitabu vya chama mtazirudisha siku moja, pamoja na gharama za wakili.

Chama kile cha Temeke hatimaye kiliiuza nyundo yao. Mzee wa reli ndiye aliyeandika maelezo ya mauzo kwa mkono wake: kwamba fuawe haipo, kwamba mwili hauna ufa, kwamba bushi mbili zimelika, na nambari ya mashine ni hii. Walitarajia kuipata bei ya chuma chakavu. Akatokea mwenye karakana kutoka mkoani, ambaye alikuwa na fuawe ya nyundo kama ile na mwili wake umepasuka. Alisoma maelezo, akatambaa chini ya mashine kwa saa nzima na tochi, akalipa karibu theluthi mbili ya fedha zilizotolewa mwanzoni. Kijana aliyeumia mkono ndiye aliyehesabu fedha mbele ya mkutano. Kati ya wale kumi na mmoja, saba wamerudi. Kwa fedha hizo chama kilinunua nyundo ndogo ya kilo 25, ambayo mwili na fuawe yake vimekaa juu ya bamba moja, na sasa kinafua tindo.

Nakala ya maelezo yale ya mauzo ninayo katika mkoba wangu hapa. Katibu atakayependa kuinakili kwa matumizi ya chama chake aje baada ya chai.